Lenzi Iliyong'arishwa kama Tarumbeta

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kamera. Bosi wangu wa kwanza, ambaye Njombe mjini wote tulimwita Mwenye Studio, alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akaniwashia taa mbili usoni, halafu akaendelea na shughuli zake kana kwamba sipo. Mkewe, Mama Zakaria, alisimama pembeni yangu ameshika ubao uliopakwa rangi nyeupe. Kazi ya ubao ule ilikuwa kurudisha mwanga kwenye shavu lililo upande wa kivuli, ili mteja asitoke kwenye picha na nusu uso. Nilikaa. Macho yakaanza kutoa machozi, shingo ikakakamaa, pua ikaniwasha.

"Umechoka?" Mwenye Studio akauliza.

"Nimechoka, mzee."

"Vizuri. Ndivyo mteja anavyochoka. Siku utakapomwambia mtu atulie, umwambie kwa adabu."

Mama Zakaria alicheka nyuma ya ubao wake. Nilimsikia tu, sikumwona. Wateja wote walikuwa hivyo hivyo, walimsikia bila kumwona, maana ubao ulimfunika kuanzia kiunoni hadi kwenye kilemba.

Leo nimestaafu mara mbili, mara ya kwanza serikalini na mara ya pili kwenye karakana yangu mwenyewe Makambako. Vijana wananipigia simu wakitaka niwafundishe kufunga lenzi za zamani kwenye kamera za kidijitali, kana kwamba ni uchawi. Si uchawi, na mimi sina siri. Nitaeleza kazi hii ilivyokuwa kwa kupitia vituo nilivyofanyia, lakini nitakaa zaidi kwenye kazi yangu ya mwisho. Mwenye Studio alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lilikuwa linafunga. Alitaka kumpiga picha mke wake kwa lenzi yake mwenyewe kabla halijafunga kabisa. Mtu aliyetakiwa kuiwezesha lenzi hiyo ni mimi.

Kwanza niieleze lenzi yenyewe. Mwenye Studio aliinunua kwa padri mmoja mzee wa Uwemba aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, ikiwa imefungwa kwenye kamera kubwa ya mbao. Mbele kulikuwa na lenzi ya shaba nzito kama jiwe la kusagia karanga, nyuma kulikuwa na kioo cha kuangalizia, na katikati palikuwa na mvukuto wa ngozi unaokunjuka na kukunjamana. Kulenga kulikuwa ni kusogeza mvukuto mbele na nyuma mpaka uso wa mteja ukae sawasawa. Lenzi haikuwa na pete ya kuzungusha kama hizi za leo, na kitu hicho mkikumbuke, maana baadaye kilinisumbua.

Sasa chukueni lenzi yoyote ya kisasa, iinamisheni chini ya taa, mtaona rangi za zambarau na kijani zikielea juu ya kioo. Lile ni tabaka la dawa lililopakwa kiwandani ili mwanga unaoingia uingie wote. Kioo kisichopakwa hurudisha sehemu ya mwanga, kama dirisha linavyokurudishia sura yako ukisimama mbele yake. Ndani ya lenzi kuna vioo kadhaa, kwa hiyo mwanga uliorudishwa na kimoja unagonga kingine, unazurura humo ndani, mwishowe unaangukia kwenye picha mahali usipotakiwa. Nyeusi inakuwa kijivu, na pembeni ya kitu cheupe kunakuwa na mng'ao. Sisi tuliziita lenzi tupu. Wateja walizipenda bila kujua kwa nini, kwa sababu zilimlainisha mtu ngozi na kumwacha na heshima yake.

Jambo moja zaidi. Kioo kitupu kikizeeka vizuri hujifanyia utando mwembamba wa bluu, mithili ya mafuta juu ya maji. Fundi mgeni akiuona anadhani ni uchafu. Utando huo hufanya kazi karibu sawa na lile tabaka la kiwandani, kwa hiyo ukiufuta umejiibia mwenyewe. Mwenye Studio hakuruhusu mtu auguse. Vumbi tulilipuliza kwa pampu ndogo ya mpira, basi.

Kituo changu cha pili kilikuwa Makambako, Mwenye Studio alipofungua tawi karibu na njia panda. Aliyekuwa juu yangu pale ni Msimamizi wa Tawi, mtu mfupi mwenye haraka, aliyetembea akiwa amekwishaanza kuongea. Makambako ni mji wa watu wanaopita. Abiria wa treni, madereva wa malori, walimu wanaokwenda kuripoti, wote walitaka picha ndogo za vitambulisho, na wote walizitaka sasa hivi.

"Tabita," aliniambia, "Njombe mnapiga picha. Hapa tunahudumia wasafiri. Mtu akikosa basi lake kwa sababu yako, utambeba mgongoni."

Upepo wa Makambako mnaujua. Uliingiza vumbi hata kwenye chumba cha giza, yaani chumba cha kusafishia picha ambako hatukuwasha taa yoyote isipokuwa ile nyekundu. Huko ndiko nilikojifunza kufungua lenzi na kuifunga tena, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyethubutu, na picha zenye madoa zilikuwa zinatuaibisha. Nilijifunza haraka. Nasema hivi bila kujisifu zaidi ya ninavyostahili: baada ya muda mfupi hapakuwa na mtu kati ya Makambako na Njombe aliyejua ndani ya lenzi kama mimi.

Nilipelekwa pia Lupembe kwa misimu, kupiga picha za wakulima wa chai kwenye vituo ambako lori hukusanya majani mabichi. Lupembe ni kwetu, kwa hiyo sikuwa mgeni, ila unyevu wa kule uliniletea adui mpya. Kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui na kukila kioo taratibu. Nilipomweleza Msimamizi wa Tawi, alinitazama kana kwamba nimemletea habari za majini. Nikaanza kuzihifadhi lenzi kwenye debe la bati lenye mchele mkavu, na wenzangu wakanicheka kwamba Tabita anapika pilau ya vioo. Lenzi zangu hazikuota kuvu.

Halafu serikali ilinichukua. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya habari, chini ya Afisa Habari aliyependa kusimama mbele ya kila picha ambayo hakutakiwa kuwamo. Alikuwa mtu mwema lakini. Kamera za kidijitali zilipofika, alituita wapiga picha wote, akaiweka moja mezani.

"Filamu imekwisha," akasema. "Anayetaka kulia alie leo. Kesho tunajifunza."

Sikulia. Nilijifunza, nikaipenda kazi upya. Badala ya filamu kuna sensa, kipande kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha papo hapo, na kwenye kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani sensa hiyo inakaa karibu kabisa na mdomo wa kamera. Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa wazee kama mimi. Kila lenzi ilitengenezwa ikae umbali wake maalumu kutoka kwenye filamu. Ukiisogeza karibu zaidi au mbali zaidi, hailengi. Kamera mpya ikiwa fupi, nafasi inabaki mbele yake, na nafasi hiyo unaijaza kwa kipande cha chuma chenye urefu sahihi. Kipande hicho ndicho adapta. Upande mmoja kinashika kamera, upande wa pili kinashika lenzi, na katikati hakina kitu zaidi ya hewa na hesabu nzuri.

Nilipostaafu serikalini nikafungua karakana Makambako, nimepakana ukuta na Fundi Mgaya, mkerezaji wa vipuri vya malori. Mashine yake ya kukereza ilizungusha chuma siku nzima, nami nilimpa alumini ya pistoni zilizokufa anikerezee pete za adapta. Mwanzoni alinuna. Alizoea vyuma vya kubeba tani, mimi nikamletea vitu vya unene wa ukucha.

"Wewe mama, hiki ukikipigia chafya kinapotea," alilalamika.

"Basi usipige chafya, Mgaya."

Vijana wa video za kwaya na harusi walikuja kutoka Njombe, Mbeya, mpaka Songea. Kamera zao zilionyesha kila kinyweleo, nao walikuwa wamechoka na vinyweleo. Walitaka ule mng'ao wa zamani kwenye majoho meupe. Niliwafungia lenzi zao, nikawafundisha kofia, yaani mdomo mrefu unaozuia mwanga wa pembeni usiingie, kwa sababu lenzi tupu bila kofia ni nyumba bila paa. Kazi ilikwenda vizuri na mimi nilikuwa mtu wa furaha.

Ndipo Mama Zakaria alipopiga simu.

"Kamwene, Tabita."

"Kamwene, mama. Mzee hajambo?"

"Yupo. Anataka uje. Anasema uje na hizo kamera zako mpya."

Niliwakuta nyumbani kwao, nje kidogo ya mji, ukungu umekaa juu ya mashamba ya viazi kiasi kwamba hata uzio hauonekani. Mwenye Studio alikuwa kwenye kochi, amevaa koti na kofia ya sufu. Alinyoosha mkono kunisalimia, akaunyoosha kushoto kidogo kwa mahali nilipokuwa. Nilisogea mimi ili mkono wake uwe sahihi.

Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakufa. La kulia liliona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, katikati tu, pembeni giza, na hata hapo katikati vitu visivyotofautiana rangi vilimpotea. Alinieleza mwenyewe kwa mfano wa uji. Ukiwa kwenye bakuli jeupe hauoni. Ukiwa ndani ya sufuria nyeusi anauona. Daktari alimwambia dawa ya matone itachelewesha tu, na kwamba hawezi kumwahidi ni kwa muda gani.

"Tabita," akasema, "nimewapiga picha watu wa mji huu wote. Waliozaliwa, walioolewa, waliopata kipaimara. Mke wangu ana picha moja tu, ya kitambulisho, na wala sikuipiga mimi. Kila mteja alipokaa, yeye alikuwa nyuma ya ubao. Nataka nimpige. Kwa lenzi yangu, na nimwone wakati nampiga. Wajukuu wananipa simu zao. Kwenye simu sioni kitu, na sitaki kubonyeza kama kipofu halafu mnisifie."

"Utamwona, mzee," nikamjibu. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nadhani hicho ndicho kilichomfanya aniite.

Kamera ya mbao ilishaliwa na mchwa, ila lenzi ilikuwapo, imesimama kwenye kabati la vyombo katikati ya vikombe vya wageni, shaba yake ikiwaka. Niliifunga kwa kitambaa safi nikaenda nayo Makambako. Kwa kuwa haikuwa na pete ya kulengea, na mvukuto haukuwapo tena, Mgaya alinikerezea mabomba mawili ya alumini, moja likiteleza ndani ya lingine, mbele lenzi, nyuma kamera. Unalenga kwa kuvuta na kusukuma kwa mkono. Kamera zenyewe siku hizi zina kidirisha cha kuchungulia ambacho ndani yake kuna televisheni ndogo, nayo unaweza kuiongezea mwanga unavyotaka. Hesabu yangu ilikuwa hivi: jicho linaloona katikati tu, ukilipa picha yote ndogo na angavu hapo katikati, litaona.

Niliporudi, Mama Zakaria alikuwa amejiandaa kama siku ya Pasaka. Sare ya kwaya ya akina mama, kilemba, hereni, viatu. Alikaa sebuleni kwenye kiti chenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa, nyuma yake dirisha kubwa, na nje ya dirisha ukungu mweupe mtupu. Mwenye Studio akaweka jicho kwenye kidirisha. Alivuta bomba, akasukuma, akavuta tena. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyopendeza.

"Naona maziwa," akasema mwishowe. Akaiachia kamera polepole. "Basi, binti yangu. Umejitahidi."

Mimi sipendi kuambiwa basi. Na kusema kweli iliniuma, kwa sababu alilisema kwa upole, naye hakuwa mtu wa upole kazini. Niliifungua lenzi, nikatoka nayo mlangoni, nikaitazama kwa mara ya kwanza kama ninavyotazama lenzi ya mteja wa kawaida. Kule karakana nilikuwa nimeitazama kwa mapenzi tu. Utando wa bluu haukuwapo. Mahali pake kulikuwa na vijimikwaruzo vyembamba vya mduara, maelfu, kioo kizima, na kila kimoja kilikuwa kinatawanya mwanga.

Nikarudi ndani. "Nani amekuwa akiisafisha hii lenzi?"

"Mimi," Mama Zakaria akajibu kwa fahari. "Kila Jumamosi."

"Unaisafisha kwa kutumia nini, mama?"

"Kwa dawa ya tarumbeta."

Wasiojua waelewe kwamba usharika wao una bendi ya tarumbeta, na Mama Zakaria ndiye aliyezing'arisha tarumbeta zote kila Jumamosi ili Jumapili ziwake mbele ya madhabahu. Aliifanya kazi hiyo tangu ujana. Mumewe alipofunga studio, aliiona ile shaba kabatini inafifia, akaona ni aibu lenzi ya mumewe ifubae wakati tarumbeta za watu zinang'aa. Akaiongeza kwenye orodha ya Jumamosi. Shaba akaisugua, kioo akakisugua. Ile dawa ina chembe zinazokula kutu. Kwenye shaba ni neema. Kwenye kioo ni msasa.

Nilimweleza hivyo hivyo, wazi, maana sijui kuzunguka. Alishika mikono yake kifuani.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemziba macho."

Kisha Mwenye Studio akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka kofia ikamwendea upande. "Miaka yote hiyo nasikia shwa shwa, shwa shwa, nadhani unasugua sinia! Mama Zakaria, umeing'arisha lenzi yangu kama tarumbeta. Bado kupuliza tu."

Yeye hakucheka. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kilemba, nami nikajiona mjinga kwa kutopunguza makali. Nilimwambia hajaziba kitu, amechubua tu, na kwamba nimewahi kufanyia kazi lenzi mbovu kuliko hiyo. Hilo la mwisho halikuwa kweli sana.

Nilirudi Makambako na hasira ya kazi. Mgaya alinikerezea kofia ndefu kama mkono wa koti. Ndani ya kofia na ndani ya mabomba nilipaka rangi ya mbao za kuandikia shuleni, ambayo ni nyeusi isiyong'aa, juu yake nikabandika mahameli nyeusi ili mwanga unaozurura ufie humo. Mkwaruzo huwezi kuuondoa, lakini ukiunyima mwanga hauna cha kutawanya. Nilijaribu mlangoni pa karakana. Nyeusi ilirudi kuwa nyeusi kiasi. Kiasi tu.

Sebuleni kwao, safari ya pili, Mwenye Studio alichungulia akasema, "Naona mtu." Nikamwuliza ni nani. Akajibu kwamba kwa kilemba ni mwanamke. Mama Zakaria aliinuka, akasema anakwenda kupika chai, akatoka na sare yake.

Nilimfuata ili nimsaidie, na pale ndipo kazi ilipoisha kichwani mwangu. Jiko lao ni banda la nje, la kuni, kama majiko yetu yote. Moshi wa miaka umepaka kuta masizi kuanzia chini mpaka darini, nyeusi tii, hakuna kinachong'aa. Dirisha hakuna. Mwanga unaingia kwa mlango mmoja tu, wa upande. Mama Zakaria alikuwa ameinama akichochea moto, kisha akainua uso kunitazama, na nikauona uso wake wote, kila mstari, shavu lenye mwanga na shavu lenye kivuli, juu ya ule weusi. Uji kwenye sufuria.

"Mama, usiondoke hapo," nikasema. "Tutakupiga picha hapa."

"Wapi?"

"Jikoni."

Aliweka kijiti chini. "Tabita, nimevaa sare ya kanisa. Nipigwe kwenye masizi? Watu watasema Mwenye Studio amemficha mkewe jikoni maisha yake yote, mpaka kwenye picha."

Alikuwa na haki yake. Kwetu picha inapigwa sebuleni au mbele ya maua. Jikoni mtu haonyeshwi, hata mgeni hapitishwi. Nilimweleza kuta nyeupe zinavyomwaga mwanga kwenye kioo kilichochubuka, na kuta hizi zinavyoumeza. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Hakuwa anabishia elimu yangu. Alikuwa anaona aibu.

Mwenye Studio alikuwa amefika mlangoni akipapasa ukuta. Alisikia yote.

"Watasema nilikuficha," akasema. "Watasema kweli. Nilikuficha nyuma ya ubao. Watu nimewapiga mbele ya ndege niliyoichora kwenye pazia, mbele ya maua ya plastiki, mbele ya gari la mtu mwingine. Hakuna hata mmoja niliyempiga mahali pake. Hapa ni pako, Mama Zakaria. Kaa."

Mama Zakaria akavuta kigoda, akakipangusa kwa kiganja mara nyingi kuliko kilivyohitaji, akakaa.

Niliipanga kamera kwenye stendi, nikauzima moto moshi usije ukapita mbele, nikaegesha mlango mpaka mwanga ukawa kipande kimoja kilichoangukia uso na bega. Nikaongeza mwanga wa kidirisha mpaka mwisho. Mwenye Studio akapiga magoti sakafuni, maana kigoda ni kifupi na yeye alikataa kumpiga mtu akiwa juu yake. Akaweka jicho. Mkono ukalishika bomba, ukavuta taratibu, ukapita, ukarudi kidogo, ukasimama. Nimeona mikono mingi ikilenga. Huo ulikuwa unajua.

Nilikuwa nimekwisha kumpa ahadi, na kama ningeshindwa hapo nisingekuwa na kingine cha kujaribu.

"Mbona una hereni moja?" akauliza.

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Sikio la kulia lilikuwa tupu. Mimi mwenye macho mawili nilikuwa nimemtazama asubuhi nzima na sikuona. Mama Zakaria alipeleka mkono sikioni kwa haraka, akagundua, na uso wake ukafanya vitu vitatu kwa pamoja, aibu, kicheko na kitu kingine ambacho sitakitafutia jina. Hapo hapo Mwenye Studio akabonyeza.

Tulipiga nyingine nyingi baada ya hapo, nzuri, ametulia, mikono magotini. Mzee alizikataa zote. Aliitaka ile ya kwanza, mkono ukiwa umepita mbele ya shavu na vidole vikiwa havijatulia. Niliisafisha kwa ukubwa ambao sijawahi kumsafishia mteja, nikaipeleka mwenyewe, na aliiona. Aliikaribia mpaka pua ikagusa kioo cha fremu, akaipitia kipande kwa kipande kama mtu anayesoma barua. Mahindi yalipoanza kukauka mwaka huo, jicho lilifunga.

Mimi niliifunga karakana muda mfupi baadaye. Mikono ilianza kutetemeka, na adapta haipendi mikono inayotetemeka. Sikusikitika. Vijana wanaouliza siri ni nini nawaambia waache kununua dawa za kusafishia, wapake kila kitu rangi nyeusi, na kabla ya kulaumu lenzi waangalie mwanga unatoka wapi. Kazi hii nimeifanya vizuri na nimelala usingizi mzuri. Si kila mstaafu anaweza kusema hivyo, mimi nasema.

Picha ile ipo sebuleni kwao, juu ya kochi. Akina mama wa usharika waliisema kwanza, kama Mama Zakaria alivyotabiri, kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kuniuliza kama nyumba zao zina majiko yanayofaa. Wageni wanaokuja huisifia kwa Mwenye Studio kwa sauti kubwa, kama watu wanavyoongea na vipofu, na siku moja nikiwepo mmoja wao alimpa pole kwamba picha nzuri namna ile hawezi tena kuiona.

Mzee aligeuza uso kuelekea jikoni, kulikokuwa kunasikika sufuria.

"Picha ni yenu," akamjibu. "Mimi nilimwona mwenyewe."